Simiti Isiyongojwa

Watu wengi wakisikia kwamba mtambo wa mafuta umeungua katikati ya bahari, wanauliza moto uliwakaje juu ya maji. Ni swali la kijinga lakini sitamcheka anayeuliza, maana hata wazee wa kwetu Myanga waliuliza hivyo hivyo, wamekaa kwenye viti vyetu, wanakunywa chai yetu, siku tulipoletewa habari za ndugu yangu mdogo. Baba mdogo ndiye alianza. Alishika kikombe kwa mikono miwili akasema, "Mtu atakufa na moto aje, na maji iko kila mahali? Huyo ameoa huko. Ametuma watu watudanganye." Kisha akaomba sukari iongezwe.

Huyo baba mdogo nitamrudia. Kwanza niseme mimi nilijuaje kwamba moto unaweza kuwaka juu ya maji.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Mwalimu alinipiga kwa sababu ya kaptula iliyopasuka, nikaona kama kosa ni kaptula basi nibaki nyumbani na kaptula yangu. Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa Kitale, nimeandikwa kazi na mwenye mtambo mmoja mkuukuu wa kuchimba visima. Tulizunguka mashamba ya Trans-Nzoia yote, kule mahindi yanaanza barabarani yanaishia mlimani. Mwenye shamba akitaka maji tunafika, tunasimamisha mnara, tunatoboa. Kazi yangu ilikuwa kufunga na kufungua mabomba na kukoroga simiti. Ndugu yangu alinifuata mwaka wa pili. Alikuwa na akili kuliko mimi, na hilo sikulipenda, lakini nilimpenda yeye.

Nieleze kidogo hiyo kazi, hakuna kitu kigumu ndani yake. Ukitoboa ardhi unashusha bomba pana la nje ili kuta zisibomoke. Kati ya bomba na udongo kunabaki nafasi. Hiyo nafasi unaijaza simiti, ndiyo maji machafu ya juu, ya vyoo na ya zizi la ng'ombe, yasiteremke kando ya bomba yakaingia kisimani. Halafu unangoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kungoja. Simiti haina shauri na mtu. Hata ukiwa mkubwa namna gani, itakauka kwa siku zake.

Nyapara wetu hakujua kungoja. Alikuwa mtu wa kuweka kalamu juu ya sikio na sijawahi kumwona akiandika, na viatu vyake vilikuwa safi siku zote. Mpaka leo nikiona mtu ana viatu safi mahali watu wengine wako kwenye matope hadi magotini, simheshimu, hata awe nani.

Tulikuwa tunachimba kisima cha shule moja karibu na Moi's Bridge. Mkubwa fulani alikuwa aje kufungua maji, na watoto walikuwa wameshafundishwa wimbo wa kumkaribisha. Simiti tuliimimina jana yake. Nyapara akaja asubuhi, akaigonga juu kwa kisigino, akasema, "Hii iko sawa. Ingizeni pampu."

Ndugu yangu akamwambia, "Juu imekauka, bwana nyapara. Chini bado ni uji."

"Wewe umeingia huko chini ukaonja?"

Watu wakacheka. Ndugu yangu akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimekoroga ile simiti kwa mikono hii, nilijua ni uji. Nikamwambia, "Wewe mtoto nyamaza, usituharibie kazi." Tukaingiza pampu. Mkubwa akaja, akafungua bomba, akanywa maji kidogo sana mbele ya watu, wimbo ukaimbwa. Mwezi haukuisha watoto wakaanza kuhara, maana choo cha shule kilikuwa upande wa juu. Ofisi ikaandika karatasi kwamba watumiaji wa kisima ndio walikichafua kwa ndoo zao. Tuliokuwa kazini siku ile tukaambiwa tuweke sahihi. Nikaweka. Ndugu yangu hakuweka, akafukuzwa jioni ile ile.

Kufukuzwa kwenyewe ndiko kulimpeleka baharini. Wakati ule Kitale ilikuwa imejaa malori ya wazungu waliokuwa wakitafuta mafuta kule kaskazini, Turkana. Walinunua kabeji zote sokoni mpaka bei ikatushinda sisi wenyeji. Walitaka watu wanaojua kushika bomba, na ndugu yangu akaenda. Walichimba huko joto likawachosha wao wenyewe, hawakupata walichokitaka, wakafunga virago. Lakini wachache waliofanya kazi vizuri walichukuliwa, wakapelekwa kuchimba baharini, mbali huko Afrika ya magharibi. Ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni mto Nzoia wakati wa mafuriko.

Aliporudi likizo, Krismasi moja, alimkuta mama nyuma ya jikoni na pipa lake. Nisifiche: mama alipika chang'aa, pombe kali isiyoruhusiwa. Kanisani alikuwa mama wa kwaya, na nyuma ya jikoni alikuwa na pipa, na hiyo chang'aa ndiyo ilitulea baada ya baba kufa. Chifu alijua, maana chifu alikunywa. Mama alipika kwa sukari nguru na alikuwa fundi. Chungu cha juu kinapokutana na pipa alipaka udongo wa kichuguu, akauzungusha vizuri, akaweka jiwe zito juu ya kifuniko, akakaa kwenye kigoda. Hakuchochea moto mpaka ule udongo ukauke kabisa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa tangu kiwiko hadi kifundo. Hilo lilitokana na siku shemeji yake alipoona mambo yanachelewa akaondoa jiwe kabla ya wakati. Mvuke ukaruka, ukashika moto, shemeji akakimbia, mama akabaki akizima.

Sasa mama akamwuliza mwanawe, "Huko baharini mnafanya nini hasa? Watu wananiuliza nashindwa kuwaambia."

Akacheka, akaonyesha pipa. "Hii hii, mayi. Huko chini ya bahari kuna mafuta na gesi, vimebanwa, vinataka kutoka, kama mvuke wako. Sisi tunatoboa kifuniko. Bomba tunalijaza matope mazito, hayo ndiyo jiwe lako. Kando ya bomba tunaweka simiti, huo ndio udongo wako wa kichuguu."

"Na nyumba yenu iko wapi?"

"Juu ya pipa."

Mama akaacha kukoroga. "Mnalala juu ya pipa?"

"Tunalala, tunakula, tunacheza karata."

"Na anayeangalia udongo kama umekauka ni nani?"

"Kuna kipimo. Na kuna bosi."

"Bosi analala hapo juu na nyinyi?"

"Huyo yuko ofisini, mayi. Nchi kavu."

 Mama alitia kidole kwenye udongo wake, akatikisa kichwa, akaendelea kungoja.

Ndugu yangu alirudi kazini, tukawa tunapata kaseti. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo badala ya barua mwanawe alirekodi sauti yake kwenye kaseti, akamtumia. Tuliisikiliza kwenye redio yangu ya kaseti, betri tumezianika kwanza kwenye mabati zipate nguvu. Mambo ya kawaida tu: chakula hakina ladha, kuna jamaa anakoroma, nisalimieni ng'ombe.

Halafu ikaja simu ya maandishi posta ya Bungoma, kwamba kuna ajali baharini, na baada ya majuma mawili akaja bwana wa karatasi.

Huyo nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Alikuja na gari la kukodi kutoka Nairobi, amevaa suti ya kijivu, na mvua ilikuwa imenyesha. Gari likakwama pale kwenye kona ya kanisa, tukalisukuma, yeye akiwa ndani amekumbatia mkoba. Alikuwa Mkenya kama sisi, wa kampuni ya bima au ya mawakili, sikuelewa vizuri na yeye hakutaka tuelewe. Alisema mtambo ulilipuka, ukaungua siku mbili, ukazama. Ndugu yangu na wenzake wengi hawakupatikana. Alisema pole kama mtu anayesoma ubao wa dukani.

Akaeleza kwamba kuna karatasi. Mama akiweka kidole gumba, familia italipwa, kila kitu kimekwisha. Akatuachia tuifikirie siku tatu, yeye atalala hoteli Bungoma mjini. Niliisoma ile karatasi kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, nikaambulia neno moja moja. Tukamwomba mwalimu wa jirani atusomee. Ilisema chanzo cha ajali ni uzembe wa watu wa zamu, na jina la ndugu yangu lilikuwa katika orodha ya hao watu wa zamu. Kwa maneno mengine mama alikuwa anaombwa akubali kwa kidole chake kwamba mtoto wake aliua wenzake.

Hapo baba mdogo akageuka. Juzi alikuwa anasema kijana ameoa, sasa alikuwa na hakika kabisa amekufa. "Mama, weka kidole," akamwambia. "Karatasi ni karatasi. Nani ataisoma hapa Myanga?"

Lakini wazee wengine walikuwa wameshaisikia, na hao nao wakaleta lao. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, tunakata shina la mgomba lenye urefu wake, tunalivika shuka, tunalizika kama yeye, na watu wanaongea, na wachungaji wanaomba. Wazee wakasema mgomba wa mtu mwenye damu ya wenzake hauwezi kuzikwa ndani ya boma wala kutolewa hotuba. Utazikwa nje ya ua, kimya kimya, watu waende nyumbani. Walisema wanafuata ukoo. Mimi nafikiri walitaka tu kuonekana wana neno.

Kwa hivyo mama alikuwa na njia mbili. Aweke kidole, alipwe, na mwanawe azikwe nje ya ua kama mbwa. Au akatae, na wote tumwone mjinga, kwa sababu hakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba karatasi inasema uongo.

Siku ya pili ikaja kaseti. Ilikuwa imesafiri polepole kuliko kifo. Mtu wa posta aliniletea sokoni, nikaiweka mfukoni, nikaenda nayo nyumbani bila kumwambia mtu.

Tuliisikiliza mimi na mama peke yetu, jikoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kuna upepo nyuma. Alisalimia ng'ombe. Halafu akasema, "Mayi, hapa wanafunga kisima hiki waende kingine. Wamechelewa, ofisi inapiga kelele kila saa. Simiti imemiminwa na tumeambiwa haitangojwa siku zake. Kipimo kimeonyesha kuna kitu kinasukuma kutoka chini, na wamesema kipimo ndicho kibovu. Kuna koki kubwa ya chuma chini ya bahari ya kufunga mambo yakiharibika. Hiyo inavuja tangu nilipokuja, hawaitengenezi kwa sababu kuitengeneza ni kusimamisha kazi. Kesho kutwa tunatoa matope mazito tuweke maji ya bahari. Nimesema. Nimeambiwa ninyamaze." Upepo ukavuma, kisha akasema, "Mwambie kaka ni kama Moi's Bridge."

Mama akanigeukia. "Moi's Bridge ni nini?"

Nikasema ni mji tu. Nikatoka nje nikaangalia mahindi ya watu.

Siku ya tatu bwana wa karatasi akarudi. Safari hii aliacha gari barabarani akaja kwa miguu, anaruka madimbwi kama kuku. Tukakaa sebuleni: mama, baba mdogo, wazee wawili, mimi. Akatoa kidau cha wino wa kidole, akakifungua, akakiweka mezani karibu na mama. Aliona ni jambo la dakika tano.

Mama akamwuliza, "Hao watu wa zamu walifanya nini?"

"Walishindwa kudhibiti kisima, mama. Ni mambo ya kitaalamu."

"Niambie hayo hayo ya kitaalamu."

Akawatabasamia wale wazee, kama anawaomba wamvumilie. "Kulikuwa na gesi ikapanda. Walitakiwa waione mapema. Hawakuiona."

"Udongo ulikuwa umekauka?"

"Udongo gani?"

"Ule mnapaka kando."

Hakuelewa. Mama akanyosha mkono wenye kovu mezani, akamweleza pipa, udongo wa kichuguu, na jiwe, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Baba mdogo akakohoa kwa aibu, maana mama alikuwa anataja chang'aa mbele ya mgeni. Mgeni akasema, "Mama, hii si mambo ya pombe. Hizi ni mashine za mamilioni."

"Kumbe. Na jiwe, yale matope mazito, ni nani alisema litolewe?"

Hapo jamaa akaangalia karatasi zake. Aligeuza moja, akageuza nyingine. Nilijua ile namna ya kugeuza. Nyapara wetu alikuwa akigusa kalamu yake namna ile. "Maagizo ya kubadilisha matope," akasema, "yanatoka ofisini. Hilo ni kawaida. Lakini si hilo tunalozungumzia."

Mama akanigeukia mimi. "Wewe umefanya hii kazi. Simiti ilikuwa imekauka?"

Baba mdogo alikuwa ananikonyeza mpaka jicho likatoa machozi. Mara ya kwanza neno hilo lilipotajwa, kule Moi's Bridge, nilimwambia ndugu yangu anyamaze. Nikasema, "Haikukauka, mayi." Nikaenda jikoni nikaleta redio, nikawasikilizisha wote ile kaseti mpaka mwisho. Na Moi's Bridge nikaieleza: simiti, mkubwa, watoto wa shule, sahihi yangu. Mama hakuniangalia nilipokuwa nikieleza. Alikuwa akiangalia ile redio.

Bwana wa karatasi akaomba apewe kaseti, ati ofisi ingependa kuisikiliza. Mama akaitoa kwenye redio akaitia kifuani, mahali ambapo hakuna mtu wa bima angeweza kuifuata.

Akajaribu njia nyingine. Akatoa picha, nafikiri alitaka tuone kwamba kampuni ina utu. Ilikuwa pwani ya huko, mchanga mweusi kama barabara mpya ya lami. Wavuvi walikuwa wamesimama na nyavu zinazodondosha mafuta, na ndege mmoja hajulikani ni ndege gani. Alisema samaki wamekwenda lakini watarudi, na kampuni imewapa wavuvi sabuni. Aliisema hiyo ya sabuni kwa heshima kabisa. Mzee mmoja, yule aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu damu na ukoo, akauliza, "Sabuni ya kuosha bahari?" Yule mzee akajikongoja akasimama, akasema mgomba utazikwa ndani ya boma, mbele ya nyumba, mchana, na yeye mwenyewe ataongea. Wazee wetu wana upuuzi mwingi, lakini huo wa sabuni uliwashinda.

Kidole hakikuwekwa. Malipo hayakuja, mpaka leo. Baba mdogo alikaa mwaka mzima hatuongeleshi, na huo ulikuwa mwaka mzuri.

Tulizika mgomba. Watu walitoka Misikhu, wakatoka Kitale, hata wawili tuliochimba nao. Mama akataka kaburi liwekwe simiti, akaniambia nikoroge mimi. Nikakoroga. Fundi alitaka kutoa mbao za kuzuia simiti kesho yake aende kazi nyingine Webuye. Mama akachukua kigoda chake cha jikoni, akakaa kando ya kaburi. "Mbao zitabaki," akasema. Alikaa pale siku saba, analowesha magunia ya kufunikia simiti, anafukuza kuku kwa fimbo, na aliyekuja kumpa pole alimpa akiwa pale pale.

Siku ile ya kwanza, simiti ikiwa bado mbichi, bwana wa karatasi alirudi na karatasi nyingine, yenye maneno laini zaidi. Alisimama kwenye ua na kumwita mama aje, hakutaka kukanyaga matope. Mama akamwambia angoje simiti ikauke. Jamaa akacheka kidogo, akaangalia saa yake, akaita tena. Mimi ndiye nilikosea hapo. Nilimwambia mama, "Enda tu umsikilize, nitaangalia." Alipoinuka nikawafuata nisikie wanasema nini. Karatasi ilikuwa ile ile, uzembe umeitwa jina lingine. Mama alimrudishia bila kugusa wino. Tuliporudi, kuku alikuwa amevuka kaburi.

Alama zake ziko pale hata sasa, vidole vitatu vitatu, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Nilitaka kuziba, mama akanikataza. Alikaa tena kwenye kigoda, akavuta magunia, akanionyesha kwa fimbo mahali pa kusimama, na mimi nikasimama pale hadi siku ya saba.